Ukuta wa Fundi Kioo

Asubuhi hiyo Fundi Kioo alijikwaa tena.

Alikuwa anatoka chumbani na kikombe cha chai mkononi. Waya wa intaneti ulikuwa umelala kwenye korido, umejinyoosha kama mwenye nyumba. Ulianzia sebuleni, ukapita chini ya zulia, ukapenya chini ya mlango, ukaingia chumba cha binti yake. Mguu wa Fundi Kioo ulinasa. Chai ikaruka ukutani. Kikombe kikavunjika. Chumbani, binti akapiga kelele.

"Baba! Umekata simu!"

"Nimekata simu?" Fundi Kioo alifoka. "Mimi ndiye niliyekatwa! Njoo utazame goti hili!"

"Nilikuwa naongea na mgonjwa, Baba!"

"Na mimi nilikuwa nakunywa chai!"

Mkewe alitoka sebuleni, sindano bado iko mdomoni. Alikuwa mshonaji. Aliitoa sindano, akatazama chai ukutani, akamtazama mumewe. Hakusema pole.

"Futa," alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Hivyo ndivyo siku nyingi zilivyoanza katika nyumba ile ya kupanga.

Binti yao alikuwa na kazi ya kupokea simu za hospitali. Hakwenda hospitalini. Alikaa nyumbani mbele ya kompyuta, hedfoni masikioni. Watu waliotaka kumwona daktari walimpigia, naye aliwapa siku na saa. Simu hizo zilipita kwenye intaneti. Intaneti ikikatika, mgonjwa anabaki hewani anasema "haloo, haloo" peke yake. Kazi hiyo binti aliitafuta mpaka soli za viatu zikaisha. Aliipenda. Lakini msimamizi wake alikuwa amekwisha kukasirika.

"Simu zako zinakatika mno," alimwambia. "Umesema mnahamia nyumba yenu. Vizuri. Nitakuvumilia mpaka mhamie. Huko nikisikia simu inakatika tena, kiti hiki nampa mwingine."

Nyumba yao mpya ilikuwa inajengwa, na baba ndiye aliyekuwa na shughuli ya kuta. Jina la Kioo hakupewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa kupiga plasta. Kuta zake zilikuwa laini mno, watu walisema mwanamume anaweza kusimama mbele ya ukuta wake akanyoa ndevu. Mwiko wake aliuosha kila jioni kama mtu anavyomwosha mtoto. Kitu kimoja tu alikichukia duniani, nacho ni tundu ukutani. Ukipigilia msumari kwenye ukuta wake, yeye anashika kifua.

Siku moja mgeni alikuja kuona ujenzi. Alikuwa mdogo wa kike wa mkewe, na aliitwa Panya. Jina hilo alipewa na Fundi Kioo mwenyewe, kwa utani wa shemeji na shemeji. Panya alikuwa fundi wa mitandao ya kompyuta. Mwili wake ulikuwa mdogo, na kazi yake ilikuwa kutambaa ndani ya dari za maofisi akivuta waya. Akitoka huko, nywele zimejaa utando wa buibui, anacheka. Jina lenyewe alilipenda.

Nyumba ilikuwa imeezekwa. Kuta zilikuwa matofali matupu. Fundi umeme alikuwa amekwisha kuchimba mifereji na kuweka paipu zake. Panya alizunguka kila chumba, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Hongera, shemeji. Nyumba imesimama," alisema. "Sasa paipu za mtandao ziko wapi?"

"Paipu si hizo hapo? Huoni?"

"Hizo za umeme. Nauliza za mtandao."

Fundi Kioo alicheka. "Shemeji, intaneti inakuja hewani. Hewa haina paipu."

Panya alipiga tofali kwa ngumi. "Na hili nalo ni hewa? Huko mnakopanga, intaneti ya hewani inafika chumba cha mtoto?"

Ilikuwa inafika, lakini ikiwa imechoka, kama mtu aliyepanda mlima na gunia. Ndiyo maana waya ulilala kwenye korido.

"Nisikilize," Panya alisema. "Kila chumba kipate paipu yake. Paipu zote ziende mahali pamoja. Leo ukuta uko uchi, kazi ni nyepesi. Ukishauvika plasta, kitakuwa kilio."

"Kilio cha nani?"

"Chako. Mimi nitakuwa nacheka."

Hapo Fundi Kioo alipandwa na hasira. "Unajua paipu inafanya nini ndani ya plasta? Inapasua! Fundi anaiweka juujuu, mimi napiga plasta juu yake, baada ya muda ufa unashuka kama mto kwenye ramani. Watu hawamlaumu fundi wa paipu. Wananilaumu mimi! Wanasema Kioo amevunjika!"

"Za umeme mbona umeziruhusu?"

"Umeme ni lazima."

"Na kazi ya mtoto si lazima?"

"Mume wangu, msikilize mdogo wangu," alisema mkewe, aliyekuwa amekuja naye.

"Nyumba hii ina fundi mmoja!" Fundi Kioo alinguruma. Sauti ilizunguka kwenye vyumba vitupu, ikamrudia mwenyewe.

Panya alining'iniza mkoba wake begani. Macho yake hayakuwa na utani tena. "Sawa, fundi mmoja. Baki na ukuta wako. Siku ukipata shida usiniite. Ongea nao."

Aliondoka akiupiga teke mfuko mtupu wa saruji. Jioni hiyo mkewe Fundi Kioo aliweka sahani mezani kwa kishindo, mchuzi ukaruka.

Sasa, msidhani Fundi Kioo alikuwa na moyo wa saruji. Alimpenda binti yake. Maneno ya Panya yalimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Basi alifanya jambo lake kimyakimya. Alinunua waya wa intaneti. Aliubana kwenye tofali, kutoka pembe ya sebule mpaka chumba cha binti. Hakuweka paipu. Hakuchimba mfereji. Alipiga plasta juu yake, akapitisha mwiko mara ya mwisho, akarudi nyuma kutazama. Waya ulikuwa umepotea. Ukuta ulikuwa unang'aa.

"Mnaona?" aliwaambia mke na binti. "Waya uko ndani. Ufa hakuna. Paipu ya nini?"

Kosa hilo lilikuwa la mpiga plasta hasa. Kwa mpiga plasta, kitu kikishafunikwa vizuri, kimekwisha.

Walihamia. Dari zilikuwa bado, ukilala unatazama mbao na bati, lakini ilikuwa nyumba yao. Binti alichomeka kompyuta yake kwenye waya ule. Simu ziliingia, zikatoka. Hakuna aliyejikwaa. Fundi Kioo alitembea kwenye korido kifua mbele, kama jogoo aliyenunua banda.

Kisha mkewe akataka kutundika kioo chake kikubwa sebuleni. Wateja wake walikitumia kujitazama wakijaribu nguo.

"Nitakitundika mwenyewe," alisema.

"Huo ukuta hagusi mtu!" Fundi Kioo alisema. "Leta msumari."

Alipima. Alipima tena. Akazuia pumzi, akagonga polepole. Msumari uliingia vizuri, kama kwenye siagi. Ukuta haukumeguka hata chembe. Alikuwa bado anatabasamu aliposikia sauti kutoka chumbani.

"Baba!"

Simu ilikuwa imekatika. Kompyuta ilikuwa haina intaneti kabisa. Fundi Kioo alichomoa msumari, akautazama kama mtu anavyomtazama nyoka. Alikuwa ameupitisha katikati ya waya. Alikuwa amesahau waya ulikopita. Ukuta ulikuwa laini mno hata yeye aliyeupiga hakujua tena kilichomo ndani.

"Si neno," alisema, jasho likimtoka. "Nauvuta huu, naingiza mwingine."

Alishika ncha ya waya, akavuta. Haukutoka. Alivuta tena, mguu mmoja ukutani. Saruji ilikuwa imeung'ata pande zote. Akavuta kwa hasira yake yote, waya ukakatika, akaanguka chali na kipande kifupi mkononi.

Mkewe alimtazama pale chini. "Paipu ya nini," alisema taratibu. "Si ndivyo ulivyosema?"

Binti alihamisha meza yake sebuleni, karibu na ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, ili afanye kazi huko. Lakini sebule ndiyo ilikuwa duka la mama. Cherehani ilinguruma. Mteja mmoja mnene alikuwa anapimwa gauni.

"Nibane hapa kiunoni," mteja alisema kwa sauti kubwa. "Lakini nipumue!"

Kwenye simu, mgonjwa akauliza, "Samahani, hapo ni hospitali kweli?"

Siku hiyo, kwa bahati mbaya, msimamizi alikuwa anasikiliza simu hizo. Alimpigia binti mara moja. Hakufoka. Alisema kwa sauti baridi, nayo ilitisha zaidi.

"Leo ni Ijumaa. Pumzika. Jumatatu asubuhi nataka laini isiyokatika na chumba kisicho na kelele za watu. Ukishindwa, nielewe."

Binti alivua hedfoni, akaziweka mezani polepole. Kisha akamgeukia baba yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuwa analia kwa huzuni. Alikuwa amekasirika.

"Ukuta wako una kazi, Baba. Kazi yake ni kupendeza. Mimi je?"

Fundi Kioo alitaka kuulaumu msumari. Alitaka kumlaumu aliyemwuzia waya. Alitaka kumlaumu mteja na kiuno chake. Hakupata wa kumlaumu aliyekuwa karibu zaidi ya yeye mwenyewe. Alitoka nje, akachukua simu yake, akampigia Panya.

"Shemeji," alisema.

"Eeh, shemeji! Umeshaongea na ukuta? Umekujibu nini?"

"Njoo."

"Sema vizuri."

"Njoo, tafadhali."

"Sikusikii, kuna upepo."

"Hakuna upepo hata kidogo!"

"Kumbe unanisikia vizuri. Haya, nakuja."

Panya alifika Jumamosi asubuhi na mkoba wake. Alitazama tundu la msumari, akatazama kipande cha waya. Fundi Kioo alingoja kicheko. Hakikuja.

"Nilisema nitacheka," Panya alisema. "Sicheki. Mtoto yuko karibu kupoteza kazi kwa sababu wewe unaogopa tundu. Nimekasirika, shemeji, na nitakasirika mpaka nimalize chai. Kuna chai?"

Alikunywa chai, kisha akaeleza.

"Njia ziko mbili. Ya kwanza rahisi. Tunapitisha waya kwenye uso wa ukuta, ndani ya mfereji wa plastiki. Watu wengi wanafanya hivyo, na intaneti inafanya kazi vizuri kabisa. Utaonekana tu, mweupe, unapita hivi, sebule nzima." Alipitisha kidole hewani, juu ya ukuta uliong'aa.

Fundi Kioo aliona plastiki ile kwa macho ya moyo. "Afadhali unizike," alisema.

"Basi ni ya pili. Tunaukata ukuta, tunaweka paipu, waya unapita ndani ya paipu."

"Kwa nini tusiuzike tu waya mwingine?" mkewe aliuliza. "Tukumbuke tu ulipo."

"Dada, waya ukizikwa mtupu, ndiyo umeshazikwa. Ukiharibika, huutoi. Ukitaka mwingine, unavunja. Ukiwa ndani ya paipu, unautoa na kuingiza mwingine, kama uzi kwenye tundu la sindano. Ukuta hauguswi." Alimgeukia binti. "Mwanangu, meza yako itakaa wapi?"

"Chumbani kwangu, mama mdogo."

"Na mwakani?"

Binti alifikiri. "Sijui."

"Umejibu vizuri. Hakuna anayejua. Leo ni chumba cha kulala, kesho ni ofisi, keshokutwa bibi yenu anahamia humo na redio yake. Ndiyo maana paipu inaenda kila chumba, hata kile ambacho leo hakina kazi. Waya tutaweka chumba kimoja tu. Vingine tutaviachia paipu yenye kamba ndani."

"Kamba?" Fundi Kioo aliuliza. "Kamba ya nini ukutani? Tunafuga mbuzi?"

"Kamba ya nailoni, haiozi. Siku ukitaka waya, unaufunga kwenye ncha hii, mtu anavuta ncha ile. Waya unafuata. Na waya ukipita, unavuta pamoja nao kamba nyingine, ibaki humo. Hiyo ni kwa ajili ya waya wa siku zijazo."

Panya alichukua chaki, akaanza kuchora ukutani. Fundi Kioo aligeuza uso.

"Hapa kwenye korido kuna kabati," Panya alisema. "Hapa ndipo moyo wa mtandao. Ruta itakaa humu. Kuna soketi ya umeme, na mlango wake una matundu, kwa hiyo ruta haitapata joto. Msiweke jikoni, mvuke utaiua. Kutoka hapa paipu zinatawanyika kama vidole kutoka kwenye kiganja. Kila chumba kidole chake. Msianze kuunga waya wa chumba hiki kwenye waya wa chumba kile. Kimoja kikiugua, vyote vinaugua."

"Na intaneti inaingiaje ndani?" binti aliuliza.

"Paipu moja inatoka ukuta wa nje mpaka kabatini. Kampuni ya intaneti ikija, inapita humo, haitoboi dirisha lenu. Na nyingine inapanda mpaka darini, katikati ya nyumba. Hapo siku moja mtaweka kifaa cha kurusha intaneti hewani, kwa simu zenu za mkononi." Alimtazama Fundi Kioo. "Hewa ina kazi yake, shemeji, siibezi. Lakini kompyuta ya kazi ipate waya."

"Kwa hiyo nivunje nyumba nzima?"

"Una bahati, hujaweka dari. Tutapita juu ya kuta, chini ya bati. Kila chumba tutashuka kwa mstari mmoja tu, kutoka juu mpaka usawa wa soketi. Tunakata wima. Hatukati mlalo mrefu, tutaudhoofisha ukuta."

Mkewe alikuwa anatazama soketi ya umeme. "Si tungepitisha kwenye paipu ya umeme iliyopo? Tusivunje."

"Dada, hapana kabisa!" Panya alipaza sauti mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma. "Umeme na mtandao hawalali kitanda kimoja. Kwanza ni hatari, waya wa umeme ukichubuka unaweza kukuua kupitia kompyuta. Pili, umeme unavuruga mawasiliano. Paipu zao ziachane kama urefu wa rula ya shule. Zikilazimika kukutana, zikatane kama njia panda, zisitembee bega kwa bega. Na kabla hatujagonga chochote, nani anajua swichi kuu ilipo? Zima."

Binti alikwenda kuzima. Nyumba ikawa kimya. Fundi Kioo alisimama mbele ya ukuta wa sebule, tindo mkono mmoja, nyundo mkono mwingine. Ukuta ulimtazama. Aliona kivuli chake ndani yake. Hasira ilimpanda kutoka miguuni. Alimkasirikia Panya kwa kusema kweli. Aliukasirikia ukuta kwa kuwa mzuri. Akainua nyundo, akagonga.

Kipande kikaruka. Akagonga tena. Vumbi likamjaa kwenye kope.

"Taratibu, shemeji!" Panya alisema. "Ukuta haujakutukana!"

"Wewe umenitukana!"

"Basi mimi sipo huko ndani!"

Mkewe alifagia nyuma yake, na alifagia vizuri. Panya alishika tindo ya pili, akaanza chumba cha binti. Alikuwa mwepesi. Alikata mfereji, akalaza paipu, akaita. Fundi Kioo alikuja, akatazama, akatikisa kichwa mpaka vumbi likamwagika.

"Toa."

"Kwa nini?"

"Toa, nimesema! Paipu yako imekaa juujuu. Nikipiga plasta hapo, ufa utakuja kukusalimia kabla hujafika kwenu. Izamishe. Izame kiasi cha kidole chini ya uso wa ukuta. Halafu juu yake wavu wa kuku, upigiliwe pande zote mbili. Wavu unaishika plasta. Kisha tunaumwagia maji ukuta wa zamani ndipo tupige plasta mpya, la sivyo utainyonya maji na itabanduka."

Panya alikuwa amekunja uso. Taratibu uso ukakunjuka. "Hilo la wavu sikulijua. Ndiyo maana kuta za wateja wangu wengine zinapasuka."

"Na wananilaumu mimi!" Fundi Kioo alipiga kelele. "Miaka yote hii, ni wewe!"

Binti alicheka. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Wakafanya kazi hivyo, wakigombana kila mmoja juu ya kazi yake. Panya alipiga kelele Fundi Kioo alipotaka kupinda paipu ghafla kama kiwiko. "Ipinde taratibu, kama shingo ya bata! Waya utakwama kwenye kona!" Fundi Kioo naye alipiga kelele Panya alipoacha midomo ya paipu wazi. "Ziba kwa karatasi! Saruji ikiingia humo, utavuta nini? Jiwe?" Walipomaliza kuweka paipu na kamba, Panya aliandika jina la chumba kwenye kila ncha, kabatini na chumbani. Na kabla ya plasta alimwambia binti apige picha kila mfereji, tepu ya kupimia ikiwa imeshikwa ukutani, umbali kutoka mlangoni uonekane.

"Picha za nini, mama mdogo?"

"Za siku baba yako atakapotaka kupigilia msumari."

Fundi Kioo alisikia. Alijifanya hasikii. Lakini alikwenda mwenyewe akashika tepu, akainyoosha vizuri.

Jumapili jioni alipitisha mwiko mara ya mwisho. Plasta mpya ilikuwa na rangi nyingine, ilionekana kama kovu. Alilitazama kovu lile kwa muda. Hakulipenda. Hata leo, chini ya rangi, yeye peke yake analiona.

Jumatatu asubuhi binti alifunga mlango wa chumba chake. Alichomeka waya. Fundi Kioo hakwenda kazini mapema. Alikaa kwenye korido, juu ya ndoo, sikio mlangoni. Alisikia binti yake akisema, "Habari za asubuhi, nikusaidie nini?" Kisha akasikia jibu likija, na swali, na jibu tena. Simu ile iliisha kwa kuagana. Ikaja nyingine. Mchana msimamizi alipiga.

"Leo umehama?" aliuliza.

"Hapana," binti alisema. "Tumevunja ukuta."

"Vunjeni nyingine," msimamizi alisema, na hayo yalikuwa maneno yake matamu kuliko yote. Kazi ikabaki.

Lakini subirini. Mvua za mwaka ule zilipoisha, jirani mpya alifungua karakana ya mageti ya chuma, ubavuni mwa nyumba yao, upande wa chumba cha binti. Mashine ya kukatia chuma ililia kutwa nzima kama mbuzi mwenye homa. Siku ya kwanza tu, mgonjwa mmoja aliuliza kama daktari anakata mtu mguu.

Fundi Kioo alitoka kwenda kumfokea jirani. Jirani alikuwa na kibali na mikono minene. Fundi Kioo akarudi.

Mkewe na binti walikuwa wamesimama kwenye korido, wanamtazama. Yeye akaangalia pembeni, tindo ilipokuwa imelala, akaiokota. Akampigia Panya.

"Shemeji, jirani anakata chuma ubavuni mwa chumba cha mtoto, simu hazisikiki. Tindo ninayo mkononi. Nianzie wapi?"

"Weka tindo chini," Panya alisema. "Chumba cha nyuma kiko mbali na kelele hizo, na kina kamba. Au umesahau? Vuta."

Binti alifungua kabati. Akatafuta jina la chumba cha nyuma kwenye zile ncha, akaliona. Fundi Kioo alifunga waya na kamba mpya kwenye ncha ya kamba ya zamani, akavizungushia tepu ya gundi vizuri. Mkewe alikwenda chumba cha nyuma, akashika ncha ya huko.

"Vuta!" Fundi Kioo alisema kwa sauti. "Usivute kwa nguvu! Vuta kama unavuta uzi, wewe si mshonaji?"

"Usinifundishe kuvuta uzi!" mkewe alijibu kutoka huko.

Waya uliingia ukutani mwao, ukapanda, ukapita chini ya bati, ukashuka. Hawakuuona ukipita. Waliusikia tu ukisuguana na paipu, kama mtu anayenong'ona. Kisha mkewe akapiga kelele. Ncha ilikuwa imetokeza mkononi mwake, na kamba ya siku zijazo nyuma yake.

Binti alibeba kompyuta yake kwenda chumba cha nyuma. Fundi Kioo alirudi mezani. Chai aliyokuwa ameiacha ilikuwa bado ya moto. Aliinywa akitembea kwenye korido, makusudi, huku na huko, asijikwae popote.

Muda si mrefu baadaye alipata kazi ya plasta katika nyumba kubwa upande wa pili wa mji. Mwenye nyumba alimpokea mlangoni, akizungusha funguo za gari kidoleni. Kuta zilikuwa matofali matupu. Fundi Kioo alipita chumba kwa chumba, mikono nyuma.

"Paipu za mtandao ziko wapi?" aliuliza.

"Paipu?" Mwenye nyumba alicheka. "Fundi, intaneti siku hizi inakuja hewani."

Fundi Kioo aliweka mwiko wake chini. Akapindua ndoo, akaikalia, akakunja mikono.

"Fundi, vipi? Saruji inaganda hiyo!"

"Igande."

"Huanzi kazi?"

"Sianzi." Alitoa simu mfukoni. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira, na mkewe angekuwepo angeona pia kitu kingine usoni mwake, kama furaha. "Haloo, shemeji? Njoo huku na chaki yako. Kuna mtu hapa anaongea kama nilivyokuwa naongea mimi. Fanya haraka, kabla sijampiga plasta yeye."